Mtani Hakufunga Ghala

Upepo ule uliezua mapaa kuanzia Handeni mpaka Korogwe, kisha mvua ikamalizia kazi. Mabati ya Mwatumu yalikutwa kwenye mashamba ya mkonge, yamejikunja kama chapati. Lakini mabati hayakumliza. Kilichomliza ni mahindi ya mbegu aliyokuwa ameyaning'iniza juu ya meko yapate moshi: yalilowa yote, na jua lilipotoka yalikuwa yameshachipua humo humo kwenye magunzi.

Shamba lake lilikuwa kilimani, maji hayakulifikia, na udongo ulikuwa umelainika vizuri. Asipopanda wiki ile, mwaka ulikuwa umepotea, na wajukuu wawili walikuwa wanamtazama yeye.

Angeweza kuomba. Ila Mwatumu na kuomba ni mbingu na ardhi. Miaka yote yeye ndiye aliyegawa mbegu kijijini, na marehemu mama yake alimwachia neno: mkulima anayeomba mbegu hula aibu kabla ya ugali. Jirani yake Yuditha alipomletea bakuli la mahindi, alimshukuru, akamrudishia. "Nina yangu," alisema. Uongo mtupu, na wote wawili walijua.

Ndipo akaja Kasmiri. Babu yake alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge, akazikwa huku huku, na Mnyamwezi kwa Mzigua kama Mwatumu ni mtani: anakutania hadi msibani, anaondoka na kuku wako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa.

"Poleni," aliwaambia wajukuu. Kwa Mwatumu alicheka tu. "Mtani, naona umeamua kulala ukihesabu nyota. Mimi naenda zangu sokoni. Ghala nimelifunga kwa kufuli, maana ninyi Wazigua mkinusa mbegu hamlali."

"Mbegu za Mnyamwezi nani anazitaka? Zitaota mkonge."

Kasmiri akaondoka akipiga mluzi. Mwatumu alibaki akiwaza. Kasmiri hakuwa na kufuli. Hajawahi kuwa nalo. Kuomba ni aibu, lakini kumwibia mtani ilikuwa haki yake ya kuzaliwa.

Alijifunga khanga kiunoni akaenda mchana kweupe. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani palikuwa na kiroba kimoja cha mbegu, basi. Akachungulia upande wa mtoni, kwenye shamba la Kasmiri: maji matupu, na ncha za migomba. Mtu huyu alikuwa na mbegu bila shamba, na hakuwa amemlilia yeyote.

Alipotoka na kiroba kichwani, alimkuta Kasmiri amesimama njiani, sokoni hakwenda. "Mwizi," akapaza sauti kijiji kisikie. "Njooni mwone Mzigua anavyoiba." Watu wakatoka wakicheka, Yuditha akiwa mbele yao. Mwatumu naye akacheka mpaka akajishika mbavu, kwa mara ya kwanza tangu upepo ule.

Kisha akamtwika Kasmiri kile kiroba. "Beba, kinaniumiza shingo. Twende shambani kwangu. Upande wa juu nitapanda mimi, wa chini utapanda wewe."

"Nani kakwambia nataka kupewa shamba na Mzigua?"

"Sijakupa," alisema Mwatumu. "Iba."

Kasmiri akatangulia njia ya kilimani, kiroba kichwani.