Moja Iliyorukwa

Kwa miaka sita Mwanamkuu binti Abdulkadiri aliitunza namba moja kama watu wanavyotunza kanga ya harusi: imekunjwa, imefukizwa udi, haijavaliwa. Programu yake iliitwa Kabati, na kazi yake ilikuwa kuwaambia wenye maduka ya dawa ni dawa gani iko rafuni na inaisha muda lini. Ilikuwa programu huria, yaani mtu yeyote duniani aliruhusiwa kuichukua, kuipasua matumbo, kuibadilisha, hata kuiuza, bila kumpigia mtu hodi.

Kila ilipotoka upya ilipewa namba. 0.7.1. 0.8.0. 0.9.4. Tarakimu ya mwisho ilipanda kosa liliporekebishwa, ya katikati ilipanda kitu kipya kilipoongezwa. Ile ya mwanzo, sifuri, ilikaa palepale, kwa sababu sifuri ilimaanisha "bado tunajaribu, kuwa macho", na moja ingemaanisha "weka roho yako hapa". Mwanamkuu hakuwa mtu wa kuwaambia watu waweke roho zao mahali ambapo hajapakagua. Wenzake watatu waliomsaidia kuandika, ambao hakuwahi kuwaona kwa macho, walishachapwa kwa barua pepe kwa kosa la kupandisha namba kiholela.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, akiwa kwao ghorofa ya tatu Mchafukoge, kitumbua mkononi, simu ikalia.

"Dada Mwanamkuu, samahani, naitwa Joyceline, nauza dawa kwa Mzee Abbasi hapa Kariakoo. Namba yako nimeitoa chini kabisa ya hii Kabati. Nina dawa ya kikohozi ya watoto, imeandikwa mwisho tarehe tano mwezi wa tatu. Si umeshapita? Mashine imeiwekea kijani, inasema nzuri."

Kitumbua kikarudi sahanini. Kosa alilijua hapohapo. Toleo la 0.9.4 lilikuwa linasoma mwezi kwanza, siku baadaye. Tano mwezi wa tatu imegeuka tatu mwezi wa tano. Mkono uliokosea ulikuwa wake mwenyewe.

"Usiiuze hata chupa moja. Hapo una toleo la ngapi?"

"Ishirini na nne."

"La ngapi?"

"Ishirini na nne, dada. Tena limewekewa nyota."

Dakika kumi baadaye Mwanamkuu alikuwa Kariakoo, amesimama mbele ya kibanda cha Sadalla, ambaye Joyceline alimtaja kuwa ndiye muuzaji. Kibandani mlikuwa na betri zilizoandikwa nguvu za kuwasha hospitali nzima na tochi zilizodai kumulika hadi Zanzibar. Juu ya kioo, katikati ya kava za simu, ilibandikwa stika ya dhahabu yenye picha ya tai: KABATI 24 ORIJINO.

"Kumbe ndiye wewe!" Sadalla alifurahi kwa moyo safi kabisa, jambo ambalo lilimchefua Mwanamkuu zaidi. "Karibu, dada'angu. Programu yako kiboko."

"Nani kakuambia ni ishirini na nne?"

"Kwani ngapi?"

"Sifuri nukta tisa nukta nne!"

Sadalla alitazama kushoto na kulia kama mtu aliyetukaniwa mama hadharani. "Punguza sauti, dada. Sifuri namuuzia nani hapa? Mtu kasomesha mtoto miaka minne kaletewa divisheni ziro, aje tena anunue ziro nyingine kwa hiari yake?"

"Umegusa nini kingine humo ndani?"

"Wallahi, namba tu. Jamaa wa mtaa wa pili anauza programu ya saluni, yake kumi na nane. Nikasema mimi ishirini na nne."

"Kwa nini hiyo nne?"

"Ishirini kavu inaonekana ya uongo."

Mwanamkuu alihisi alichofanikiwa kumeza cha kile kitumbua kikianza kupanda. Ilikuwa kama kumkuta mgeni bafuni anapiga mswaki kwa mswaki wako, halafu anakusifia ulaini wake. Na hakuwa na pa kushitaki. Leseni ya kumruhusu Sadalla afanye uchafu huu aliichagua mwenyewe, kwa moyo mkunjufu, akiwa chuo mwaka wa pili.

"Umewauzia wangapi?"

"Kama maduka sitini. Wengine wameondoka nayo mpaka Tunduma."

"Una majina yao?"

"Dada," alisema Sadalla kwa upole, "hapa Kariakoo."

Mwanamkuu alikaa kwenye kiti cha plastiki dukani kwa Mzee Abbasi, ambaye hakuwepo, akafungua kompyuta yake na kulirekebisha kosa. Kisha akatoa toleo 0.9.5 kwa unyofu, kama alivyofundishwa kuishi. Joyceline akabonyeza kitufe cha kutafuta toleo jipya. Programu ikapima 0.9.5 na 24, ikaona 24 ni kubwa, ikajibu: *Una toleo jipya kuliko yote. Hongera!* Maneno hayo aliyaandika Mwanamkuu mwenyewe siku moja alipokuwa na furaha. Aliweka hadi ua.

Hapo ndipo alipoona ukubwa wa balaa. Maduka sitini yalikuwa yanauza dawa mfu kwa watoto, na hakuna marekebisho yatakayoyafikia mpaka yavae namba inayozidi uongo wa Sadalla.

Akapata ujanja. Angetuma toleo lenye 25 kwenye bahasha tu. Likishaingia ndani ya mashine, lijionyeshe kwa namba yake halali, 0.9.5. Uongo wa mlangoni, ukweli sebuleni. Alituma. Kijani kikageuka chekundu, Joyceline akashusha chupa kumi na moja, na Mwanamkuu akarudi nyumbani kumalizia kitumbua chake, kilichopoa, akijiona bado ni msafi kiasi.

Saa tisa alasiri Joyceline alipiga tena, kwa kunong'ona. "Mzee karudi. Kaenda kwa Sadalla, kairudisha ile ya zamani."

Mwanamkuu alikimbia. Alipofika, chupa kumi na moja zilikuwa zimerudi rafuni, zimepanguswa vumbi kwa kitambaa. Mama mmoja mwenye mtoto anayekohoa mgongoni alikuwa amenyoosha mkono, na Mzee Abbasi, kofia yake safi, anamkabidhi chupa. Mwanamkuu aliipokonya hewani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaniibia?"

"Soma hapa chini, mzee."

Mzee alivaa miwani. "Tano... mwezi wa tatu." Akatazama skrini. "Lakini mashine imesema nzuri."

"Mashine imekosea. Mimi ndiye niliyeikosesha. Ile ya asubuhi ndiyo ilikuwa sahihi, kwa nini umeitoa?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa ishirini na nne. Nimekwenda kuswali, narudi nakuta sifuri. Nimekosa nini?"

"Ile sifuri ndiyo nzuri."

"Ishirini na nne ikosee, sifuri ipatie?"

Mama mwenye mtoto alitikisa kichwa, na alikuwa upande wa mzee.

Mwanamkuu aliiweka chupa mezani. Kisha kwa sauti ya chini, kama mtu anayefungua sanduku la chini ya kitanda mbele ya wageni, alisema: "Na nikikupa moja, mzee? Moja kamili?"

Mzee Abbasi alicheka kwa adabu. "Kutoka ishirini na nne niende moja? Sijafanya kosa la kushushwa hivyo."

Basi Mwanamkuu akaketi kwenye kiti kilekile cha plastiki na kuandika 26.0.0, bahasha na barua. Aliandika kwa kidole kimoja, vingine amevikunja visihusike. Alijua kwamba namba ikishapanda haishuki, na kwamba moja yake haitavaliwa tena. Kwenye maelezo ya mabadiliko aliweka: *Tarehe sasa zinasomwa siku kwanza. Hakuna kipya kingine. Namba hii inatia kinyaa.*

Joyceline akabonyeza kitufe, skrini ikawa nyekundu. Mzee Abbasi akazishusha chupa zote kwa mkono wake, akamchagulia yule mama dawa nyingine. "Sasa hii," akasema, "ndiyo programu."

Jua lilipoanza kupungua, maduka hamsini na manane yalikuwa yameipokea. Barua pepe nazo zilifika kwa wingi: *Hongera kwa kukomaa!* Wenzake watatu waliuliza moja imekwenda wapi.

Akiwa anarudi nyumbani, alimkuta Sadalla anakwangua stika ya tai kwa wembe. Mpya ilikuwa tayari: 26.

"Dada! Inayofuata lini, nichapishe kabisa?"

"Kosa likionekana. Na itakuwa ishirini na sita nukta sifuri nukta moja."

Sadalla alikunja uso. "Hiyo sifuri ya katikati itoe. Inatia mkosi."

Mwanamkuu aliufikia mtaro hatua nne mbele, akainama. Kitumbua kilitoka chote, bila namba yoyote.