Jina la Pili kwenye Mkataba

Rabia alikuwa jikoni akimimina chai aliposikia mama yake akisema sebuleni, "Andika Umaima."

Mgeni wao siku hiyo alikuwa Bwana Essop, katibu wa wakfu unaomiliki jengo lao la ghorofa katika mtaa wa Overport. Mkataba wa nyumba yao ulikuwa unakaribia kwisha, na wadhamini walikubali kuuongeza miaka mingine thelathini. Sharti lilikuwa moja. Mama alikuwa ameshazeeka, kwa hiyo walitaka jina la mtoto wake liandikwe chini ya lake, ili akifa nyumba ibaki kwa huyo. Mtoto mmoja tu, maana wadhamini walikwisha kuchoka kusuluhisha ndugu wanaogombania nyumba.

Rabia aliileta chai, akaiweka mezani, akarudi jikoni. Tangu aachwe na mumewe alikuwa akiishi humo na mama. Yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemshusha ngazi kwenda kliniki, aliyejua alale upande gani ili nyonga isimuume. Umaima, mdogo wake, alikuwa na nyumba yake mtaa wa Morningside, na bustani, na mume aitwaye Imraan ambaye hakuwahi kumwinulia sauti.

Bwana Essop alipoondoka, Rabia alimpaka mama mafuta miguuni kama kawaida.

"Mama, kwa nini Umaima?"

"Wewe una nguvu, mwanangu. Uliachwa, ukasimama. Mdogo wako akiachwa ataanguka."

Rabia aliendelea kusugua, mpaka mama akauvuta mguu wake na kusema anaumizwa.

Jumapili Umaima alikuja na biriani, ananukia udi. Mama, ambaye wiki nzima alikuwa akikisukuma chakula cha Rabia pembeni, alikula sahani nzima, akaomba aongezwe. Umaima alimlisha matonge ya mwisho kwa mkono wake, wakicheka. Rabia aliwatazama. Angeweza kuvumilia asipewe nyumba. Kile kicheko ndicho kilichomshinda.

Kesho yake alimpigia simu Bwana Essop. "Umaima ana kwake," alimwambia. "Amesema hataki nyumba hii. Niandike mimi."

"Mama anajua?"

"Anajua."

Siku ya kutia sahihi Umaima aliwapeleka kwa gari lake, mama amekaa mbele, Rabia nyuma. Kwenye kila robot, zile taa za barabarani, mama aliushika mkono wa Umaima, na kila mara Rabia aligeuka kutazama maduka.

Ofisini Bwana Essop alivaa miwani, akausoma mkataba kwa sauti. Alipofika kwenye jina la Rabia, mama aliinua kichwa.

"Siyo huyo. Nilisema Umaima."

Bwana Essop alimtazama Rabia. "Niliambiwa Umaima amekataa."

"Nani kakwambia?" mama aliuliza.

Rabia aliinama, akautazama mkataba. Umaima alimwangalia dada yake, kisha akamgeukia mama.

"Ni kweli, mama. Mimi nilimwambia dada aseme hivyo. Niliona haya kukwambia mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi nina pa kulala. Mwache dada aandikwe."

Mama alitia sahihi, akaisukuma kalamu upande wa Rabia bila kumtazama. Rabia naye akatia sahihi.

Nje, mama alipokuwa ameshaingia garini, Rabia alimshika Umaima kiwiko. "Kwa nini umenifichia uongo wangu?"

"Eish, dada. Ulitaka nikuumbue mbele ya mama?" Umaima alisema kwa upole. "Mimi huja pale kama mgeni. Mama akiamka na maumivu, jina analoita ni lako. Unadhani mimi siumii?"

Laiti Umaima angempigia kelele, Rabia angejua la kufanya. Sasa nyumba ilikuwa yake, na ilikuwa imetoka mkononi mwa mdogo wake, kama lile biriani la Jumapili.

Walipofika nyumbani, mama alisimama mlangoni akipumua kwa shida kwa sababu ya ngazi.

"Leo Umaima ataniogesha," alisema.

Rabia aliwapa taulo, akamwelekeza mdogo wake mahali sabuni ilipo na jinsi ya kumshika mama asiteleze. Kisha akaingia jikoni, akaanza kumenya vitunguu. Maji yalimwagika kule bafuni. Umaima alisema jambo kwa sauti ya chini, na mama akacheka, kicheko kirefu cha kike, kama cha msichana. Rabia aliacha kumenya. Alisimama hapo, kwenye nyumba yake, akisikiliza, na bado alikuwa anatamani kujua Umaima amesema nini.