Nta Haijapoa

Mwezi wa kumi na moja ulikuwa unakatika tangu maradhi yaingie mjini, na fundi alikuwa hajakanyaga mahali ambapo hakulazimika kwenda. Asubuhi alitoka nyumbani kwenda karakanani, jioni alitoka karakanani kurudi nyumbani, na kati ya safari hizo mbili alinawa mikono mpaka vidole vikakwaruza kama karatasi ya msasa.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Aliifanya kwa miaka ishirini na sita katika chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la vitambaa: meza mbili, jiko dogo la gesi, na rafu ambayo juu yake mataya ya plasta yalikaa yamepangwa kama wajumbe wa mkutano waliochoka kubishana. Lakini tangu watu waanze kufunika nyuso, wateja walipungua. Mtu mwenye pengo alivaa barakoa, pengo likapotea. Ya nini tena kwenda kuachama mbele ya mwanamke mwenye koleo? Fundi akabaki na kazi za kuokoteza. Alipanga rafu zake upya mara tatu, na kadiri kazi ilivyopungua ndivyo alivyozidi kuwa mkali. Mume wake alisema siku hizo ukimwomba chumvi mezani anakupa kama anayekupa figo.

Jumamosi moja, saa sita mchana, wifi yake alitokea mlangoni bila kupiga simu. Huyu alikuwa dada mdogo wa mume wake, nesi katika wodi ya wagonjwa wa maradhi yale yale. Hakuingia ndani. Alisimama hatua tatu kutoka kizingiti, tiketi mbili mkononi.

"Wifi, vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kucheka."

Fundi alimtazama kama anayetazama jino lililopandwa kichwa chini. "Watu wanakufa, wifi, wewe unaniletea habari za kucheka?"

"Wanaokufa mimi ndiye ninayewafunika shuka," nesi alisema, taratibu, bila hasira. "Usinihesabie. Leo nimepata mapumziko baada ya siku kumi na tisa. Mimi nimechanjwa, wewe umechanjwa, ukumbi una madirisha pande zote. Ningemchukua kaka, lakini yeye taa zikizimwa tu anakoroma."

"Nimesikia!" mume wa fundi aliita kutoka jikoni.

"Ndiyo maana nimesema kwa sauti!"

Fundi alivaa viatu. Alivaa barakoa, akavaa nyingine juu yake, akatia mkobani chupa mbili za kitakasa mikono, akamfuata wifi yake kwa umbali unaotakiwa kama askari anayemsindikiza mfungwa.

Ukumbi zamani ulikuwa ghala la samani. Mlangoni mwanamke aliwaelekezea kipimajoto kwenye paji la uso, fundi akafumba macho kana kwamba ni bastola. Ndani, mahali pa watu mia mbili palikuwa na viti arobaini tu, viwili viwili, huku nafasi kati ya jozi na jozi ikitosha kuegesha gari. Juu ya kila kiti palikuwa na kibao cheusi na kipande cha chaki.

"Hivi ni vya nini?" fundi aliuliza, akikipulizia kibao chake kitakasa.

"Subiri uone."

Waigizaji walikuwa watatu: bwana mmoja mrefu kama ngazi, mwingine mnene mwenye mashavu ya kitoto, na mama mmoja mwenye sauti nzito. Wote walifunika nyuso kwa plastiki angavu iliyowafanya waonekane kama bidhaa dukani. Mama ndiye aliyesogea mbele.

"Karibuni," alisema. "Leo hatuna mchezo. Hatujaandika hata mstari mmoja. Nyinyi mtatupa jambo, na sisi tutalicheza papo hapo. Zamani mlikuwa mnatupigia kelele. Sasa hivi mate yenu bakini nayo. Andikeni kwenye kibao, mnyanyue juu."

Fundi alimwinamia wifi yake. "Hawajaandika? Yaani tumekuja kutazama watu ambao hawajajiandaa?"

"Ndio utamu wenyewe."

"Mimi nikimpokea mteja sijajiandaa, huo nao utaitwa utamu?"

Mchezo ulianza. Mtu wa mbele aliandika LIFTI, na waigizaji wakacheza majirani watatu waliokwama kwenye lifti moja, kila mmoja akisisitiza apewe mita mbili zake. Watu walicheka. Kilikuwa kicheko cha ajabu, kimefunikwa, kama cha watu waliofungiwa ndani ya mito. Nesi alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Fundi alikaa wima, mkoba mapajani, akikagua kama bwana mrefu anatunza umbali.

"Sasa tupeni kazi!" mama aliita. "Kazi ambayo hatujawahi kuicheza maishani!"

Vibao vikapanda: RUBANI, MCHIMBA VISIMA, MWALIMU WA HESABU. Fundi alipogeuka, alimkuta wifi yake amenyanyua chake kwa mikono miwili, kimeandikwa herufi kubwa: FUNDI WA MENO YA BANDIA.

"Shusha!" alinong'ona, akimvuta mkono. "Shusha hicho kitu!"

"Hiyo hapo!" mama alisema. "Tumeipata!"

Bwana mrefu akawa fundi. Bwana mnene akawa bwana harusi aliyemeza meno yake ya mbele asubuhi ya harusi, na baada ya saa mbili lazima asimame mbele ya wakwe. Alikaa kwenye kiti, akaachama. Bwana mrefu akakunja mikono ya shati, akaokota hewani nyundo isiyoonekana, akaanza kupigilia meno kama anayepigilia misumari. Kwa kila pigo bwana harusi aliruka. Ukumbi ukaangua kicheko.

Damu ilimchemka fundi. Miaka ishirini na sita!

"Nyundo," alisema kwa sauti ya chini. "Wifi, unaona? Anatumia nyundo!"

"Ni mchezo, wifi."

Lakini chaki ilikuwa tayari mkononi. Aliandika kwa hasira mpaka ikavunjika, akanyanyua kibao juu kabisa: HATUTUMII NYUNDO.

Bwana mrefu alikiona. Akasimama, mkono ungali hewani. "Samahani, bwana harusi," alisema, "nimepokea barua kutoka chama cha mafundi." Akaisoma kwa heshima zote, akaiweka nyundo chini polepole, kama mtu aliyezingirwa na polisi. Watu wakapiga makofi. Kisha akaita, "Nipeni saruji!"

Fundi alifuta kibao kwa mkono wa blauzi yake, blauzi ya kutokea. KWANZA PIMA FIZI.

Bwana mrefu akatoa futi ya kamba, akampima bwana harusi mabega, kiuno, na urefu wa mguu.

FIZI! SIYO SUTI!

"Anasema siyo suti," bwana mrefu alimwambia mwenzake. "Nami nilikuwa nimeshapata kiuno."

SIYO SARUJI. MENO YANAPANGWA KWENYE NTA. MOJA MOJA.

Basi akaomba nta, akaiyeyusha, akamjaza bwana harusi kinywa chote hadi mashavu yakavimba. Hapo ndipo mama mwenye sauti nzito alipoingia kwa kishindo, sasa akiwa mama mkwe, mikono kiunoni. "Uko wapi wewe? Ukumbi umejaa watu! Sema mbele yangu: unampenda mwanangu, humpendi?"

Bwana harusi alifungua mdomo ili ajibu. Fundi akaruka kutoka kitini, kibao juu ya kichwa: ASISEME! NTA HAIJAPOA!

Bwana mrefu alimdaka mwenzake taya kwa mikono miwili, akalifunga. "Mama, hawezi kusema. Nta haijapoa."

"Kwa hiyo hampendi?"

"Anampenda, mama, ila mapenzi yenyewe bado ni ya moto. Yanataka kugandishwa."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Bwana mmoja wa mstari wa pili alidondosha kibao chake. Fundi, bado amesimama, alizungusha macho, na ndipo alipotambua kwamba watu wote wale wanamcheka yeye. Masikio yake yalipata moto. Alitaka kukaa, alitaka kutoroka, alitaka kumwambia wifi yake neno ambalo angelijutia; akamgeukia.

Nesi alikuwa amejikunja, kichwa kikikaribia magoti, mabega yanatikisika. Fundi alidhani ni kicheko tu. Kisha akaona barakoa imelowa mpaka kidevuni. Wifi yake alikuwa anacheka na analia kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyesahau kipi kinaanza.

"Wifi?" fundi alisema, akamwekea mkono mgongoni.

"Niache," nesi alisema akihema. "Niache hivi hivi. Usiache kuandika."

Sijui ni lile neno au ni ule mgongo uliokuwa unaruka chini ya kiganja chake, lakini kitu kilichokaa kifuani mwa fundi miezi yote ile kiliachia. Kicheko kilimtoka ghafla, kikavu, cha kukwaruza kama kikohozi. Watu wawili wa mbele walishtuka, wakavuta viti vyao.

"Ni kicheko!" nesi aliwaambia, akijifuta macho. "Mimi ni nesi, naijua tofauti!"

Jukwaani walikuwa wameona yote. Mama mkwe alishuka ngazi moja, akanyoosha kidole. "Dada wa kibao! Huyu fundi wetu ni bomu. Njoo umwokoe mkwe wangu."

Fundi alikataa kwa kichwa. Alikataa kwa mkono. Kisha akajikuta amesimama jukwaani, ndani ya duara lililochorwa sakafuni, mkoba bado begani.

"Nta inachukua muda gani kupoa?" bwana mrefu aliuliza.

"Dakika tano," alisema fundi. "Akiongea, tunaanza upya."

"Basi nionyeshe. Mimi nitafuata."

Fundi aliweka mkoba chini. Hakuwa na koleo wala kisu wala moto. Alikuwa na mikono tu. Akapasha moto kisu kisichokuwepo, akakijaribu karibu na kiganja kama afanyavyo kila siku, akachukua jino la kwanza kati ya vidole viwili na kulikaza mahali pake. Alilitazama kwa jicho moja. Akalisogeza, kidogo kuliko unene wa kucha. Akachukua la pili. Kwa umbali wa mita mbili bwana mrefu alimfuatisha kila kitu, na ukumbi ukanyamaza kabisa, maana mikono ile ilijua inachofanya na kila mtu aliliona.

"Tayari," fundi alisema.

Bwana harusi akafunga kinywa, akafungua. Akapitisha ulimi kwenye meno mapya. Mama mkwe akamsogelea. "Haya. Unampenda mwanangu?"

Bwana harusi akatabasamu meno yote nje. "Hapana," alisema.

Kila mtu alizuia pumzi. Bwana mrefu alibaki mdomo wazi, na ilionekana wazi kwamba safari hii hata yeye hajui la kufanya. Fundi hakufikiri. Neno lilimponyoka lenyewe:

"Mrudishieni nta!"

Makofi yaliyofuata yalipeperusha njiwa waliotua madirishani.

Nje jua lilikuwa bado kali. Nesi alikuwa amekaa kwenye ngazi, amechoka kwa raha kama aliyetoka kuogelea, na fundi alikuwa anamkumbusha kwa mara ya nne jinsi yeye mwenyewe alivyoliropoka lile neno la nta, mzee mmoja aliposimama hatua chache kutoka kwao na kuvua kofia. Alikuwa karani mstaafu, nadhifu, shati limenyooshwa mpaka kwenye vifungo.

"Fundi, samahani. Ulichoandika kule ndani, ni kweli au ni maigizo?"

"Kipi, mzee wangu?"

"Kwamba hakuna nyundo."

Fundi alitaka kucheka, lakini macho ya mzee hayakuwa na mzaha. "Hakuna nyundo, mzee. Hata maumivu hakuna. Ni udongo laini wa kupimia na uvumilivu."

"Mimi juu sina hata moja," mzee alisema, akigusa barakoa yake. "Mwaka wa tisa huu. Mtu mmoja aliniogopesha, nikaogopa kweli. Miaka yote hiyo nimecheka nimefumba mdomo. Leo, humu ndani ya kitambaa, nimeachama mpaka taya linaniuma."

"Njoo Jumatatu," alisema fundi. "Saa tatu. Madirisha yatakuwa wazi."

Alikuja saa mbili na nusu. Kazi ilichukua wiki tatu. Kwenye kuchagua rangi waligombana kidogo, kwa sababu mzee alitaka meno meupe kuliko yote. Fundi alikataa katakata: "Hayo ni ya watangazaji. Ukivaa haya kila mtu atajua ni ya kununua. Chukua haya yenye manjano kidogo, yatakufuata uso." Siku ya kuyavaa mzee alishika kioo kwa muda mrefu. Kisha akavaa barakoa, akamshukuru fundi mara tatu, akashuka ngazi.

Fundi alikwenda dirishani kumtazama. Mzee alivuka barabara, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona hakuna mtu karibu. Aliinama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa, akashusha barakoa mpaka kidevuni, akajichekea meno yote, upande huu, upande ule, kisha mbele.

Kioo kikashuka. Ndani alikuwamo dereva, kifungua kinywa chake mkononi.

Mzee aliruka nyuma kama aliyeumwa na siafu, akapandisha barakoa mpaka machoni. Dereva alisema kitu ambacho fundi hakukisikia. Mzee akajibu. Kisha, polepole, kwa umbali wake, akaishusha tena, na dereva akanyoosha kidole gumba.

Fundi alikuwa ameshashika simu.

"Wifi, una dakika mbili?" alisema. "Kaa chini kwanza. Hapana, hakuna anayeumwa. Kaa chini, nikusimulie."