Shoti Isiyokuwepo

Nyumbani kwetu kila kinachokataa kazi kina shoti. Redio ikikoroma, shoti. Bomba likikauka, shoti. Goti la baba mkwe likimgomea kwenye ngazi utamsikia mwenyewe akisema leo limepiga shoti. Mwanangu alipopata sifuri ya hesabu, bibi yake alimgonga utosini kwa kidole akasema humu ndani mna shoti, na mtoto akaenda kumweleza mwalimu hivyo hivyo. Anayelichukia neno hilo ni mmoja tu, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Yeye ni fundi umeme, na nyaya zote za nyumba hii alizitandaza yeye, kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo.

"Shoti ni waya na waya kugusana pasipotakiwa," hutuambia. "Sasa bomba linaingiaje hapo?"

Tunamcheka tu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea jikoni, karibu na dirisha, maana ndiko kwenye mwanga. Jikoni kuna soketi moja, soketi ni ya friji, na friji ni ya mama mkwe, anayeuza barafu za juisi kwa watoto wa shule. Alishanikanya: "Nikikuta pasi yako kwenye soketi yangu tena, hiyo cherehani utaenda kushonea kwenu." Mama mkwe wangu si mtu wa kutishia. Akisema jambo ujue ameshalipangia na siku.

Jumamosi asubuhi mteja akanipigia simu, yuko njiani kwenda harusini, gauni analitaka pale pale, na sauti yake kama anafukuzwa. Nikachomoa friji, nikachomeka pasi. Nikapiga gauni pasi haraka haraka, nikachomoa pasi, nikatoka nalo mbio. Kurudi nikakutana na jirani mwenye maneno, maneno yakanoga, tukasimama pale mpaka jua likatuunguza visogo.

Naingia jikoni, lo! Juisi nyekundu inatambaa sakafuni kutoka chini ya friji hadi mlangoni. Barafu zote zimekuwa maji. Nikaichomeka friji, pasi nikaizika kwenye kapu la vitambaa, nikashika tambara. Hapo hapo mama mkwe akaingia, na nyuma yake Mama Ghorofa.

"Ebo! Nani kaigusa friji yangu?"

"Sijui, mama. Na mimi nimerudi nimeikuta hivi. Labda shoti."

Neno lilinitoka lenyewe. Siku nyingine yoyote lingeishia pale, mama angesonya, tungefagia maji, basi. Lakini huyu Mama Ghorofa ndiye mwenye nyumba ya ghorofa tatu inayojengwa nyuma yetu, na Jumatatu shemeji alikuwa aanze kumtandazia nyaya. Kazi hiyo shemeji aliisubiri kama mvua. Hadi siku ile alikuwa akiitwa kubadilisha balbu tu.

"Nyaya za humu si za mwanao?" Mama Ghorofa akauliza.

Mama mkwe akanyamaza. Mama mkwe, kunyamaza!

"Mimi wapangaji wangu watalala na watoto wao mle ndani. Mwambie aitafute hiyo shoti, nije niione kwa macho yangu. Asipoiona leo, natafuta fundi mwingine."

Shemeji akaitwa. Hakubisha, hakujitetea. Alileta ngazi na zana zake, akaanza na soketi, akapanda darini, akashuka, akapanda tena. Ngazi niliishika mimi. Vumbi la dari likanijaa kichwani nikasema moyoni, haki yako, tena ni kidogo.

"Shemeji, ulipotoka friji ilikuwa inanguruma?" akaniuliza.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ilikuwa inanguruma," nikasema.

Mama alipotoka kwenda msalani, nikapiga moyo konde. Sasa, nikajiambia, sasa hivi kabla hajarudi. Nikafungua mdomo, nikamuuliza shemeji kama atakunywa chai. Nilijichukia, jamani. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kidevu, anapima waya mmoja mmoja, anautazama, anaurudisha, na mimi ninayejua kila kitu nimemkamatia ngazi asianguke. Huruma gani hiyo!

Alasiri akatuambia tutoke jikoni, anataka kuzima umeme wa nyumba nzima. Tukakaa uani, na Mama Ghorofa akarudi kama alivyosema. Baadaye akatoka na kipande cha waya, ncha yake nyeusi tii.

"Nimeipata," akasema. "Niliufunga vibaya. Kosa ni langu."

Mama Ghorofa akaugeuza ule waya mkononi mara mbili tatu. Halafu akacheka, akampiga begani. "Fundi anayekubali kosa lake ndiye ninayemtaka mimi. Jumatatu uje."

"Umeona?" mama mkwe akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi. "Mtu mzima anasema kosa ni langu. Imempunguzia nini?"

Nikashusha pumzi, nisidanganye. Nikasema kazi ameipata, yameisha, na mimi nitamshonea shati zuri la kuanzia kazi.

Jua lilipokuwa linazama nikamkuta amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, anaitazama friji.

"Shemeji, wewe nitakwambia," akasema taratibu. "Ule waya niliuchoma mwenyewe kwa kiberiti. Nimetafuta kutwa, sikuona kitu. Mama alikuwa ananitazama kama mwizi, nikaona bora niseme lolote. Lakini shoti ipo humu ndani, na mimi siioni. Kama siioni kwetu, nitaionaje kwa watu? Ghorofa tatu zile! Nampigia Mama Ghorofa simu, namwambia kazi siiwezi."

Sikungoja ujasiri safari hii. Yalinitoka yote.

"Hakuna shoti, shemeji. Friji niliichomoa mimi. Nilichomeka pasi, nikaisahau friji, mama akaingia nikaogopa. Wewe huna kosa hata chembe."

Nikasubiri anitukane. Nilitaka anitukane. Yeye akanitazama, macho yakamlengalenga, akatabasamu.

"Asante, shemeji. Una roho nzuri. Lakini usinibebee mzigo wangu."

"Haki ya Mungu ni mimi! Pasi niliificha kapuni, twende nikuonyeshe!"

"Pasi yako hukaa kapuni siku zote." Akainuka, akajipangusa vumbi la suruali. "Ungekuwa wewe ungeniambia asubuhi ile ile. Kutwa nzima umenishikia ngazi, unaniona ninavyohangaika. Mtu gani anaweza kufanya hivyo, akanyamaza?"

Akaingia ndani, na kupitia dirishani nikamsikia akimwamkia Mama Ghorofa kwenye simu.