Inchi Moja ya Mchele

Kichwa cha fundi kilikuwa ndani ya pipa hadi masikioni. Mkono mmoja ulishika tepu ya kupimia, mwingine simu yenye tochi, na sauti yake ilitoka humo kama ya mtu aliyetumbukia kisimani.

"Sita," alisema. Akapima tena. "Sita."

Alipoinuka alikuwa na punje mbili za mchele kwenye nyusi na swali moja kichwani.

Mtaani walimwita Mama Pima, naye hakukasirika. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na minne, na kitu ambacho hakijapimwa kilimnyima usingizi. Miaka yote hiyo alinunua mchele kilo moja moja kwenye duka la pembeni, hadi siku alipokaa chini akaona kwamba mwenye duka anajenga ghorofa kwa jasho lake. Mwezi huu akakata shauri. Alichukua fedha yote ya mchele, akanunua gunia la kilo ishirini na tano kwa bei ya jumla, akalimimina kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyepika, akakabidhiwa kikombe cha bati: vikombe vinne kwa siku, kimoja kwa kila mtu, yaani wao wawili na watoto wawili. Mume alikuwa mbali kwenye kazi ya ujenzi, akila huko huko. Vikombe vinne vilishusha mchele nusu inchi, alikuwa ameshajaribu. Kwa mwendo huo gunia lingefika mwisho wa mwezi. Likikatika njiani, hapakuwa na fedha nyingine ya kugusa.

Jumapili alipima kwa tepu ya njano inayokaa kwenye droo. Kutoka ukingo wa pipa hadi kwenye mchele zilikuwa inchi tatu, akaziandika kwa chaki juu ya kifuniko. Leo Alhamisi alirudi kutoka kazini na tepu yake nyeupe bado iko shingoni, akainama nayo hivyo hivyo. Baada ya siku nne zilitakiwa ziwe tano. Zilikuwa sita.

Inchi moja. Chakula cha siku mbili kilikuwa kimeota miguu.

Wakati wa kula alizunguka kidogo kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe, kwa kadiri alivyojua kuzunguka, yaani maswali mawili. Aliuliza kama wiki hii alikuja mgeni. Mama mkwe akasema jirani alipita kuchukua maganda ya viazi ya sungura wake, kama kawaida yake. Akauliza kama jirani alikuja na bakuli.

"Ulitaka ayabebe mdomoni?" alisema mama mkwe, na watoto wakacheka.

Fundi hakucheka. "Mchele umepungua inchi nzima, Mama. Simsemi mtu. Nauliza tu umekwenda wapi."

Watoto waliacha kutafuna. Bibi yao aliweka kijiko chini taratibu, akakilaza kifudifudi. Alikuwa ameishi nyumba hiyo miaka sita, tangu afiwe na mumewe, na hata siku moja hakuwa ameulizwa swali la namna hiyo.

"Pipa liko jikoni," alisema. "Na jikoni kutwa niko peke yangu. Kwa hiyo umeshauliza, na umeshajijibu."

Ijumaa fundi alirudi nyumbani akiwa na hamu zaidi ya kupima kuliko ya kula. Mama mkwe alipakua sahani tatu, akasema yeye ameshiba. Vyombo vilipotolewa, kichwa kikaingia tena ndani ya pipa, na hapo ndipo akili ilipogota. Tangu jana mchele haukushuka hata ile nusu inchi. Ulishuka pungufu. Mwizi gani huyu, anachota inchi nzima halafu anaanza kubana matumizi?

Alivuta kigoda akakaa akiliangalia pipa kama mtu anayengoja likiri kosa. Panya? Panya angeacha alama. Labda mchele hujishindilia wenyewe ukikaa. Akajaza mchele kwenye bilauri, akaigongagonga juu ya goti, akapima. Ulishuka unene wa uzi.

Akiwa hapo hapo alimsikia mama mkwe chumbani akizungumza na binti yake kwenye simu. Alikuwa akimwomba aje kumchukua kesho saa kumi. Hapana, hakuwa mgonjwa.

"Nimechoka tu kupimwa," alisema.

Fundi alibaki na bilauri mkononi. Angeweza kwenda kugonga mlango ule, lakini angesema nini? Inchi ilikuwa bado haijulikani ilipo, na yeye hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa hesabu isiyokamilika.

Jumamosi asubuhi aliingia karakana akiwa mzito kama nguo iliyoloa. Muuguzi mmoja alikuja kushonewa sare. Bi Vifungo, mwenzake wa cherehani ya dirishani, aliazima tepu nyeupe, akaizungusha kiunoni mwa mteja, akataja: thelathini na nne. Fundi akaandika thelathini na tatu.

Muuguzi alikuwa akichungulia daftari. "Amesema na nne. Mbona umenipunguza?"

Bi Vifungo akacheka. "Usiogope, dada, hatukubani. Tepu hii ncha yake ilichakaa, tukaikata. Inaanzia kwenye moja. Sisi humu tunatoa moja bila hata kufikiri."

Kalamu ilisimama. Fundi aliichukua tepu, akaiangalia ncha yake kama anaiona kwa mara ya kwanza. Kazini mkono wake ulitoa moja wenyewe, kila siku, mwaka wa pili sasa. Jikoni haukutoa.

Hakuaga vizuri. Alitembea hadi nyumbani na tepu imefumbatwa mkononi, na njiani ile hesabu ya Ijumaa nayo ikafunguka. Mchele ulishuka kiasi cha vikombe vitatu, kwa sababu waliokula walikuwa watatu.

Begi la mama mkwe lilikuwa tayari karibu na mlango wa jikoni, limefungwa zipu. Mwenyewe alikuwa akisuuza sufuria. Ilikuwa inakaribia saa kumi.

"Mama, naomba unipimie pipa."

"Nipime mimi tena?"

"Wewe."

Mama mkwe alifuta mikono, akaipokea tepu nyeupe, akaisogeza karibu na macho. Akapapasa ncha yake.

"Mbona hii inaanzia moja?"

"Ilikatwa ncha."

"Na wewe, fundi mzima, ukapima nayo."

"Nikapima nayo." Fundi alivuta droo, akatoa ile ya njano, akaishusha ndani ya pipa. Tano na kitu kidogo. "Hakuna kilichopotea. Nimekukosea, Mama. Nimekukosea mbele ya watoto."

Mama mkwe alizungusha tepu nyeupe kwenye vidole viwili, duara baada ya duara, hadi ikawa kama kifungo kikubwa, akaiweka juu ya meza. Fundi alichukua kitambaa kibichi, akaanza kufuta chaki kwenye kifuniko.

"Usifute zote," alisema mama mkwe. "Gunia bado linatakiwa lifike mwisho wa mwezi."

Akachukua kikombe cha bati. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni, kando ya begi. Alichota cha kwanza, akakisawazisha kwa kidole, akamimina kwenye sufuria. Cha pili. Cha tatu. Akainama tena ndani ya pipa, akachota cha nne, chake mwenyewe, akasawazisha kwa kidole kile kile.

Nje, kitasa cha geti kililia, na sauti ya binti yake ikabisha hodi. Kikombe kilisimama hewani juu ya sufuria, kimejaa pomoni, na punje moja ikadondoka.