Chevelle Isiyonguruma

Mazishi ya mafundi magari wa Saginaw yana sharti moja ambalo hata padri huliheshimu. Jeneza likishashushwa, gari la marehemu hupigwa resi kwanza, mpaka madirisha ya kanisa yatetemeke. Ndipo magari mengine yote huitikia, na kunguru wa Michigan hutafuta jimbo jingine. Kabla gari la marehemu halijanguruma, hakuna anayeruhusiwa kugusa pedali.

Darrin Wojcik aliijua desturi hiyo tangu akinyonya. Hata hivyo aliing'oa injini ya gari la baba yake.

Alikuwa na sababu. Mzee Norbert alikuwa amepaka rangi magari ya watu maisha yake yote bila kufunika pua, akabaki na mapafu yasiyoweza kuzima mshumaa wa keki. Alitembea akiburuta mtungi wa oksijeni. Moshi kidogo tu wa petroli ulimfanya akohoe hadi midomo ikageuka buluu, na daktari akampiga marufuku kukanyaga gereji. Chevelle yake, gari la Kimarekani la mwaka sabini, nyekundu yenye milia miwili myeupe kwenye boneti, ikakaa nyuma ya nyumba ikiliwa na kutu. Yeye aliitazama kupitia dirisha la jikoni kama mfungwa aliyetembelewa na mkewe.

"Nataka kukaa ndani yake mara moja tu," alimwambia mwanawe. "Halafu mnizike, sitalalamika."

Darrin ni fundi umeme, kwa hiyo aliamua kuitengeneza Chevelle isiyotoa moshi. Majira yote ya baridi alikata kutu, akachomelea sakafu mpya, akabadilisha breki, akavika viti ngozi. Ile injini ya silinda nane ilichukuliwa na mtu wa mji wa Flint, aliyeipakia kwa adabu zaidi kuliko watu wanavyopakia maiti. Mahali pake Darrin akafunga mota ya umeme iliyotoka kwenye gari lililopata ajali, na betri zikajaza buti.

Elwood Pruitt, rafiki wa mzee tangu ujana, alikuja kukagua akiwa na kikombe cha kahawa. Akainama chini ya boneti muda mrefu.

"Mashine hii ya kufulia inafua na blanketi?"

"Inakimbia kuliko yako, mzee."

"Hata friji yangu inakimbia, ukiisukuma kwenye ngazi. Norbert anajua?"

"Anajua. Ananiambia niharakishe."

Elwood aliacha utani. "Basi harakisha, kijana."

Jumatano gari lilikuwa tayari kutembea. Lakini mlia mmoja ulikuwa umepinda, upana wa ukucha hivi, na Darrin hakutaka baba yake, fundi wa rangi, auone. Akaukwangua, akaupaka upya, akangoja ukauke na harufu iishe. Ijumaa Mzee Norbert alifariki hospitalini, rangi ikiwa bado inanata.

Siku ya maziko magari yalipangwa kando ya makaburi, yakimeremeta, na kila fundi alikuwa amevaa tai aliyofungiwa na mkewe. Jeneza likashuka. Elwood akaja kwenye dirisha la Chevelle, Darrin akiwa kwenye usukani.

"Kijana, wanakungoja."

"Mzee, unajua hili halingurumi."

"Wote wanajua. Wanangoja hivyo hivyo."

Darrin akakanyaga pedali. Chevelle ikajisogeza mbele kidogo, kimya, kama paka anayenyatia samaki wa jirani. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kama gari nalo limekufa.

Ndipo Darrin, mtu mzima mwenye kipara na suti nyeusi, akatoa kichwa nje ya dirisha, akavuta pumzi, akanguruma kwa mdomo. Hakuna aliyecheka, nao ni watu wanaocheka hata mahakamani. Akaingiza gia ya pili kwa mdomo huo huo, sauti ikapasuka. Ya tatu ilikuwa kilio kitupu, midomo bado imekunjwa kama ya mtoto anayeendesha gari la kopo.

Elwood akaenda kwenye gari lake akakanyaga mpaka mwisho. Magari mengine yote yakaitikia, ardhi ikatetemeka.

Katika kishindo kile Darrin hakusikia hata kilio chake mwenyewe. Mkono wake ulikuwa kwenye kiti cha pembeni, ukipapasa ngozi mpya ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikalia.