Namba Chini ya Tandiko

Fundi alilowesha kitambaa kwa siki, akakizungushia bomba la fremu chini ya tandiko, akakifunga kwa kipande cha mpira. Baiskeli ilikuwa ya shemeji yake, mjane wa kaka yake. Ilikuwa imelala miezi minane kwenye ua wa ofisi ya jiji, juani na mvuani, kwa kosa la kuegeshwa pasipotakiwa.

"Namba ya fremu ifanane na ya kwenye risiti," karani alikuwa amewaambia asubuhi bila kuinua macho. "Isafisheni hapahapa. Ikisomeka, chukueni mwende zenu."

Shemeji alichuchumaa pembeni, risiti mkononi. Kiwanda cha mikate kilikuwa kimempa mpaka saa sita: asiye na baiskeli hagawi mikate, na nafasi yake anapewa mwingine.

"Itatoka, shem?"

"Mimi na kutu tunajuana zamani."

Akafungua kitambaa, akasugua kwa brashi ya waya. Tarakimu zikajitokeza: nne, saba, moja, mpaka zote sita. Zilikuwa hafifu, lakini zinasomeka. Hapo mwenye akili zake angeweka brashi chini akamwita karani. Lakini wapi! Miaka ishirini na mbili fundi hajamrudishia mtu chuma chenye madoa, na kwenye vijishimo bado kulikuwa na wekunduwekundu. Akachukua msasa, ule wa kukwaruza. Shemeji akawa anamsimulia mitaa atakayopelekea mikate, naye anaitikia, mkono unaenda wenyewe. Mazoea yana taabu.

Alipopuliza vumbi, chuma kilikuwa kinang'aa, laini kabisa. Ilibaki nne, na mkia wa saba.

"Mama yangu wee," shemeji akasema polepole.

Karani akaja, akainama, akapitisha kidole. "Mmeifuta."

"Mzee, ilikuwepo sasa hivi," fundi akasema. "Tumeiona wote wawili."

"Wanaofuta namba ni wezi. Hii sasa ni kesi, haitoki."

"Mliichukua nyeusi tii!" shemeji akapaza sauti. "Hiyo kutu mmeifuga nyinyi!"

"Mama, usinipigie kelele. Mimi nafuata utaratibu."

Fundi alingoja aibu imshike, haikuja. Hasira nayo haikuja. Masikio tu yalikuwa yameziba.

"Nisamehe, shemeji."

"Kaka yako alisema siku zote," akajibu, akiikunja risiti mara nne. "Mkono wako haujui kuacha."

Karani akaiburuta baiskeli hadi kwenye banda la mali za kesi, akarudisha mlango. Kufuli likagoma, limeshika kutu. Akalitikisa, akaligonga kwa kiganja, kisha akageuka.

"Fundi, hebu nisaidie hapa."

Na fundi akaenda. Akatia matone mawili ya mafuta, akalichezesha huku na huku, akalifuta kwa upindo wa shati, akabonyeza. Likafunga mara moja.

"Umelipatia," karani akasema.

Shemeji alikuwa ameshaondoka.